Kopo la Ng'ambo

Nilimwahidi mama mmoja muuza mawese, katika soko la Rumonge, pwani ya Burundi, kwamba kabla mgeni mkubwa tuliyekuwa tukimngoja hajapanda tena boti lake, mama huyo atakuwa anapima kwa kopo lile lile wanalopimia wenzake. Niliahidi nikiwa nimesimama, mkono kifuani, kwa sauti ya kijana aliyetoka chuo kikuu mwaka uleule. Yeye alikuwa ameketi juu ya bidoni, dumu tupu la mafuta, akichambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, za chakula cha mchana.

"Sawa, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Siku ya soko ya huyo mgeni wako ikipita hujafanya, miye narudi kwetu Baraka, Kongo. Kule kuko vita, lakini kopo yao iko ndogo."

Sokoni petu yalikuwako makopo mawili. Wenyeji, waliouza mawese ya huku kwetu, Kizuka na Kigwena, walipimia kopo la kawaida. Wale waliovuka ziwa kutoka Kongo walipimia kopo ambalo kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo mpaka kikatuna nje kama shavu la mtu anayepuliza moto. Bei ilikuwa moja, mafuta hayakuwa mamoja. Hilo liliitwa kopo la ng'ambo, na hakuna aliyelionea haya. Niliwauliza wazee wa soko lilianzaje. Wakaniambia kwamba wageni wa kwanza walizoea kumimina nyongeza nyingi juu ya kipimo ili wapokelewe vizuri, wateja wakaizoea, kisha siku moja mtu akaona ni kazi bure kumimina mara mbili, akaligonga kopo. Ukarimu wa jana ulikuwa umegeuka sharti la leo. Niliandika sentensi hiyo katika daftari langu na kuipigia mstari.

Miaka hiyo ya vita, kwetu na ng'ambo, njia ya Bujumbura haikupitika bila msafara wa askari, na ajira za wasomi zilikuwa adimu. Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada yangu, pamoja na tasnifu juu ya soko la pamoja. Ofisi ya komine, yaani ya wilaya yetu, ilinipa meza iliyokosa mguu mmoja. Kwa hiyo barua ilipofika kwamba Kamishna wa soko la pamoja la nchi zetu angezuru pwani, administrateri, mkuu wa komine, alinitazama kama mtu aliyekumbuka kwamba ana mwavuli. "Wewe ndiye uliyesomea mambo haya," akasema. "Tayarisha soko."

Nilianza kwa kuwaeleza wauzaji mgeni ni nani. Jirani wa yule mama pale sokoni alikuwa mwanamke wa mtaa wa Waswahili, mzaliwa wa Rumonge hiyohiyo, mcheshi, mwenye ulimi usiolala. Yeye ndiye aliyenibatiza jina la Bwana Diplomu.

"Huyo Komiseri anauza nini?" aliniuliza.

"Hauzi kitu, mama. Anasimamia soko la nchi nyingi. Bidhaa ya Kongo ikifika Burundi, au ya Burundi ikifika Tanzania, kazi yake ni kuhakikisha haitendewi kama mtoto wa kambo."

"Aa! Basi ni chef, mkubwa wa soko, kama yule wetu wa ushuru, ila kiti chake kirefu."

"Ni zaidi ya hapo, mama."

"Chef wa soko asiyeuza hata nyanya moja! Mlete, Bwana Diplomu. Tumwone na sisi."

Yule mama wa Baraka alicheka mpaka ndagala zikamwanguka mapajani.

Nilikwenda kwa fundi bati, nikamwagiza makopo mapya, yote sawa. Tuliyajaribu kwa maji, moja baada ya jingine, mpaka fundi akaniuliza kama nataka kuyaoa. Kisha nikaandika tangazo, likapigwa mhuri wa komine. Sehemu ya kwanza ilisema kwamba kila muuzaji, awe wa hapa au wa ng'ambo, atatumia kopo moja. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilikuwa nimeipigia mstari sentensi yangu, na nilitaka kuziba shimo ambalo udhalimu ulipitia. Sehemu ya pili ilisema: kuanzia siku ya soko atakapofika mgeni, nyongeza ni marufuku.

Msomaji aliyekulia kando ya ziwa hili tayari ameshika kichwa.

Siku ya soko ikafika, asubuhi safi, milima ya Kongo ikionekana vizuri kama nguo zilizoanikwa. Makopo mapya yalimetameta. Mteja wa kwanza alipimiwa, akalipa, akaacha chupa yake palepale mbele ya muuzaji, akisubiri. Muuzaji akatazama pembeni. Mteja akaitikisa chupa kidogo.

"Imekatazwa," muuzaji akanong'ona.

"Nimekukosea nini, dada? Miaka yote hii, leo umeniona mwizi?"

Akayarudisha mafuta yake yote kwenye kopo, akadai fedha zake, akaondoka. Nyuma yake wakaondoka wengine. Sikuwa nimeelewa, pamoja na vitabu vyangu vyote, kwamba kile kijiko cha mwisho ndicho salamu yenyewe. Kumnyima mtu ni kumwambia hadharani kwamba humjui.

Ilipokaribia saa nne, wenyeji walikwisha kuyatoa makopo yao ya zamani chini ya meza na kumimina nyongeza kwa fujo. Na kwa kuwa tangazo lilikuwa limekufa, lilikufa lote. Mteja mmoja alimsogezea mama wa Baraka lile kopo lililotuna. "Pimia hili, mama. Mambo yamerudi."

Hakubishana. Alifunga bidoni zake, akaita wapagazi wawili, akaanza kuzishusha ufukweni. Boti la Baraka lilikuwa linaondoka saa sita.

"Nipe muda, mama," nilimwomba.

"Nimekupa wiki mbili, mwanangu. Uliniletea kopo nzuri na wateja hapana."

Wakati huohuo boti la mgeni lilitia nanga palepale. Kamishna alishuka akiwa amekunja suruali mpaka magotini, viatu mkononi. Nilikuwa nimemwandalia hotuba na viti vya kuazima parokiani. Yeye alitusalimu tu, "Amahoro," akatazama bidoni zilizopangwa mchangani, akauliza, "Mbona mafuta yanarudi yalikotoka?"

Nilieleza. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akamwomba mama ampimie chupa moja kwa kopo jipya. Mama akapima. Kamishna akalipa, na chupa hakuiondoa.

"Na nyongeza?"

"Imekatazwa, patron."

"Na nani?"

Sijapata kuona vidole vingi namna ile vikielekezwa kwa mtu mmoja. Ufuko mzima ulicheka, na Kamishna mwenyewe akacheka mpaka akakaa juu ya bidoni. Akaomba aitiwe yule jirani wa mtaa wa Waswahili, akawakalisha wote wawili mbele yake.

"Wewe mama wa hapa. Katika mambo haya, ni lipi huwezi kuliacha?"

"Nyongeza, bwana mkubwa. Mteja wangu aliyenijia tangu nikiwa mwari, nimtazame hivihivi kama mlango?"

"Nawe, mama wa ng'ambo?"

"Miye kopo. Nyongeza nitatoa, tena sana. Lakini niitoe kwa roho yangu, si kwa nyundo."

Kamishna akamgeukia tena mwenyeji. "Umemsikia. Anachokitaka kinakuumiza?"

Jirani alilichukua kopo jipya, akaligeuza kitako juu. Kopo dogo la wenyeji peke yao lilikuwa faida yake, na kila mtu alijua. "Kitaniuma kidogo," alisema hatimaye. "Lakini huyu akiondoka nitamcheka nani?" Akainama, akainyanyua bidoni moja mwenyewe na kuanza kupanda nayo kuelekea sokoni. "Twende basi! Au mnangoja Bwana Diplomu aandike tangazo la kutembea?"

Wapagazi walifuata. Nilipokuwa nikimsindikiza Kamishna, nilimwambia kwamba nilidhani ana uwezo wa kuamuru. Alitikisa kichwa. "Sina askari, sina hata kopo. Mawaziri ninaokaa nao hufanya kama hawa mama wawili, ila wao huchukua miaka, na chai yao haiishi. Kazi yangu ni kuuliza swali hilohilo mpaka watu wachoke kukataa."

"Lakini kopo la ng'ambo lilianza kama nyongeza," nilisisitiza. "Litatuna tena."

"Hapo una haki ya kuogopa," alisema. "Kipimo ni cha sheria. Nyongeza ni ya mtu. Kati ya hivyo viwili lazima pawepo mtu anayeangalia. Usiondoke sokoni."

Tangazo liliandikwa upya, sehemu moja tu, ile ya kopo. Mama wa Baraka aliuza mafuta yake yote kabla ya boti la Baraka kuondoka bila yeye, na siku ya soko iliyofuata aliketi mahali pake, akitukanana kwa furaha na jirani yake kuhusu nani ana mkono mzito wa kumimina nyongeza. Mimi nilipita kila wiki na kopo langu la kulinganishia. Nilipata majina mengine, hayaandikiki.

Lakini siwezi kuwa kila mahali, na pwani yetu ni ndefu. Kwa hiyo nakuomba, msomaji: ukinunua kwa aliyevuka maji, ngoja apime, mlipe, kisha usiitikise chupa yako. Akikuongezea, mshukuru. Asipokuongezea, mshukuru vilevile.