Ukurasa wa Kumi na Tatu

Kwa miaka minane Wahu alimchapia Daktari Sifuna kazi zake zote pale kibandani pake Kitale, na kwa miaka hiyo yote msomi yule hakuwahi kumuuliza jina. Alimwita "mama wa taipu", basi. Mtu mzima na falsafa yake, kompyuta aliiogopa kama nyoka. Aliandika kwa kalamu, akipigia kila kichwa cha habari mistari mitatu chini yake, wa tatu ukiwa na mkia.

Ndiyo maana Desemba 2007, uchaguzi ukikaribia, vijikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono vilipomwagwa Kachibora, alikoishi, kuwaambia "wageni" wahame kabla ya mwaka mpya, Wahu hakuuliza ni nani aliyeandika. Mistari mitatu, mkia. Nyumba yao ilichomwa. Mumewe, Wanyoike, alirudi kufungua ng'ombe na hakuonekana tena. Wahu alipoenda polisi kushtaki, aliambiwa mwandiko si ushahidi. Karatasi moja akaiweka ndani ya Biblia.

Mwaka 2009 Daktari akaleta kurasa kumi na mbili za kusoma kwenye kongamano Bungoma. Zilimhusu mwanafalsafa wa Kijerumani aliyejiunga na chama cha Hitler. Wasomi wangali wanavutana: je, fikra zake zilioza pamoja naye, au zaweza kusomwa bila kuuliza alisimama na nani? Daktari, kwa huruma tele, alimtetea. "Msomi asihukumiwe," aliandika, "kwa karatasi moja ya msimu wa siasa."

Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa na digrii tatu na bado hakuliona. Wahu alichapa sentensi ile neno kwa neno. Kisha akatoa kopi arobaini, akazibana kwa stepla, akazipeleka Bungoma mwenyewe.

Daktari alisoma kwa madaha, akapigiwa makofi. Nabwile, mwalimu wa sekondari aliyewahi kufundishwa naye, akainua mkono.

"Mwalimu, hii ukurasa ya kumi na tatu ni ya nini? Iko na maneno ya kufukuza watu Kachibora."

Daktari akaufunua. "Hiyo si yangu, bana. Ni makosa ya mchapaji."

"Lakini hii mistari tatu na mkia? Si ndiyo ulikuwa unatusahihishia nayo insha?"

Daktari akauliza kwa ukali ni nani aliyechapa kazi yake.

Wahu akasimama kwenye viti vya nyuma.

"Ni mimi, Daktari. Naitwa Wahu, bibi ya Wanyoike wa Kachibora. Hizo kumi na mbili nilichapa. Hiyo ya mwisho sikuchapa. Uliandika mwenyewe."