Daktari Niliyemchagua Mimi

Jamani, nichekeni tu, nimestahili. Mimi ni katibu katika hospitali moja ya Arua. Juzi tulikuwa tukiwahoji madaktari wanaotaka kusomea ubingwa, na mganga mkuu akaniomba niwaangalie pale nje, nimwambie nani ana utu. Basi nikajiona nusu profesa!

Akaingia kijana mwenye vumbi la barabara ya Koboko mpaka kwenye kope, pamoja na mwanamke mmoja mpole. Kijana akanisalimia kwa heshima, akampisha mzee kiti, akamsaidia mgonjwa kushuka ngazi. Nikasema moyoni, ndiye huyu. Yule mwanamke alipotaka kuniambia jambo, nikamkatiza: "Dada, kaa kando, ngoja bwana wako."

Nikamshika kijana mkono, nikamfikisha mbele ya wakubwa.

"Huyu hata msimwulize maswali. Mchukueni!"

Kijana akaangalia viatu vyake. "Mama, iko makosa. Mimi iko mutu ya boda. Nabeba daktari kutoka Koboko. Daktari iko ule dada uliambia akae kando."

Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni, kiganja mdomoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.