Jina la Bendi

Bendi yetu ya hevi metali ilikuwa na watu watatu, na mimi ndiye niliyekuwa naimba, kwa kunguruma. Mazoezi tulifanyia kwenye stoo ya kahawa ya babu, kule Moshono, mchana, mama akiwa sokoni.

Siku hiyo umeme ulikatika katikati ya wimbo. Magitaa yakanyamaza, mimi nikaendelea kunguruma peke yangu kwenye lile giza la stoo isiyo na dirisha, kama mpumbavu. Mlango ukasukumwa. Wakaingia akina mama wa kikundi cha maombi cha usharika wetu, mama yangu, niliyedhani yuko sokoni, akiwa mbele. Nikarudi nyuma hadi ukutani.

Wakaniwekea mikono kichwani. "Jina lako nani?" mama akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi, alikuwa anamuuliza pepo. Mpiga besi wetu, lile jinga, kwa woga akataja jina la bendi.

Jumapili iliyofuata jina hilo lilitajwa kanisani kama la pepo, mara ya kwanza kusikika hadharani, na usharika mzima ukasimama kulikemea. Jina tulilobishania miezi mitatu! Mama alinishika mkono, akanitazama, akingoja na mimi nikemee. Niliogopa kuliko siku ile ya stoo. Nikafumba macho, nikavuta pumzi, nikapaza sauti: "Toka!"

Sauti iliyonitoka ilikuwa ile ile ya stoo.

Mama akauachia mkono wangu.