Kifuniko cha Pombe ya Posa

Ofisini kwetu, tunakochora vipuri kwa kompyuta, skrubu ni pambo. Unaiambia kompyuta kwamba hapa pana meno, nayo inapaka picha ya meno juu ya kijiti laini, basi, kazi imekwisha. Ukikikuza kile kijiti hukuti jino hata moja, ni rangi tu. Shefu wetu hukitazama kwenye ekra ya kompyuta, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Iko propre," yaani safi, na kila mtu akaenda kula.

Mimi upuuzi huo siuwezi. Nachora jino lenyewe: ncha yake, bonde lake, mteremko wa kila upande, kisha nalizungusha kijitini mpaka juu. Kompyuta inapata moto, feni inapiga kelele, wenzangu wananicheka. "We, uko unachora meno ya nani?" Wacheke tu! Skrubu isiyokaza ni uongo wenye kichwa.

Sifa za meno yangu zikamfikia shangazi yangu wa mtaa wa Kamenge, aliyenilea, na ambaye ndiye aliyekuwa anatengeneza pombe ya ndizi ya posa yangu. Nilikuwa naomba mke mtaa wa Kinindo, kwenye nyumba ya baba mmoja mstaafu asiyecheka hata ukimtekenya. Kijana wa kwanza aliyemposa binti yake, mzee alimkataa kwa kuchelewa kidogo tu. Nami yule binti nilimpenda kiasi cha kuogopa.

Kwetu bidoni ya pombe, lile dumu la plastiki, huzibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa. Lakini kwenye posa ya binamu yangu pombe ilimwagika ndani ya gari, wakashuka wananuka kama wametoka kabare kulewa. Shangazi hakutaka kusikia tena habari za jani.

"We si injinia?" akaniambia. "Unifanyie kifuniko yenye haivuje hata kidogo. Bale bantu ba Kinindo batatucheka."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Niliposifiwa nilipima shingo ya ile bidoni ya manjano kana kwamba naunda ndege. Meno yake ni manene, upande mmoja umelala, wa pili umesimama wima; si yale ya pembe tatu ambayo kompyuta inayo tayari. Nikayachora upya, sawasawa kabisa, na kwa sababu yalikuwa sawasawa kabisa kifuniko kikagoma kuingia. Vitu viwili vinavyotoshana bila nafasi haviingiliani. Nikaacha upenyo wa unywele, nikakichapa tena kwa mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, nikatia ndani duara la mpira wa tyubu ya baiskeli. Lo, kilikaza! Shangazi aliipindua bidoni kichwa chini, akaitikisa, halafu akapiga vigelegele. Nilitamani shefu awepo aone.

Siku ya posa tulifika Kinindo mapema, tunanukia manukato tu. Pande mbili zikakaa zikitazamana chini ya turubai, wasemaji wakaanza kurushiana maneno matamu. Bidoni iliwekwa katikati, imefunikwa kitambaa cheupe. Kilipoondolewa, baba mdogo wangu, msemaji wetu, akainama.

"Mbona imenenepa?" akaninong'oneza.

Kweli ilikuwa imenenepa. Ubavu wake wote ulikuwa umetuna. Pombe ya ndizi haiachi kuchacha hata ndani ya gari, inatoa pumzi, na lile jani la siku zote lilikuwa likiiachia pumzi itoke. Shangazi alikuwa anajua, mimi nilikuwa najua, na hakuna aliyekumbuka, maana wote wawili tulikuwa tumelewa sifa.

Sasa, desturi ni hii: mleta pombe anaonja, kisha baba wa binti anakunywa. Akinywa, amekubali. Asipokunywa, mnabeba bidoni yenu mnarudi nayo. Baba mdogo akashika kifuniko. Hakikuzunguka. Pumzi ilikuwa inakisukuma juu, meno yamebanana. Akavua koti. Hakikuzunguka. Akaja mjomba, fundi gereji, naye akatoka jasho bure.

"Mumetuletea pombe ao kofre ya kufungia pesa ya banki?" akauliza msemaji wao, watu wakacheka.

Baba yake binti hakucheka. Alitazama saa yake. Hapo nikaona mwisho wangu: mke wangu anapotea hivi hivi, kwa ajili ya meno ya plastiki, na bwana harusi haruhusiwi kufungua mdomo!

"Lete hapa," mzee akasema. Akaibana bidoni katikati ya magoti, akainamia, akakaza meno, akazungusha.

Pombe ilimruka usoni. Ikapiga miwani, masharubu, suti nyeupe yote. Niliomba ardhi ipasuke nitumbukie. Kisha, bila yeye mwenyewe kujua, ulimi wa mzee ukatoka ukafuta masharubu. Ukarudi ndani. Ukatoka tena.

"Amekunywa!" baba mdogo akaruka juu. "Bote mumeona! Baba amekunywa!"

Upande wetu ulipiga makofi kabla hakijatokea kipingamizi. Mzee alisimama anachuruzika, desturi imemkamata.

"Bamuite mutoto," akasema hatimaye.

Binti anatakiwa kutoka ameinamisha uso, ana huzuni ya kuacha kwao. Wangu alimtazama baba yake, akaitazama bidoni, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashikilia nguzo ya turubai. Mzee hakumkemea. Alikuwa anakigeuzageuza kifuniko mkononi, anapapasa meno kwa kidole gumba.

"Ni we ulichora hii?"

"Ndiyo, baba."

"Inakamata kweli." Akakiweka kiganjani mwangu. "Na mutoto wangu umukamate vile. Lakini ye, umuache apumue."