Nyasi Mbichi kwa Wageni wa Muleba

Nyumbani kwetu Kashozi, mgeni alijua kama anatakiwa kabla hajasalimiwa. Alitazama chini tu. Sakafu ya nyumba yetu ya msonge ilitandikwa nyasi, na mgeni wa heshima alitandikiwa nyasi mbichi, zilizokatwa asubuhi ileile. Nyasi kavu, zilizokwisha kukanyagwa wiki nzima, zilikuwa jibu tosha.

Mambo ya posa yalikuwa ya baba na shangazi. Mama hakuwa na usemi, lakini nyasi zilikuwa zake. Kwa nyasi kavu aliwarudisha waposaji wawili: mmoja kwa sababu mama yake alikuwa na mdomo, mwingine kwa sababu alikula haraka mno. Baba aligundua wageni wakiwa wameshaaga.

Sikulalamika. Nilisoma hadi darasa la nne, na hata huko mwalimu alikuwa akinifikia ananiruka, maana nilijibu kwa kunong'ona. Wale wawili sikuwataka wala sikuwakataa. Wa tatu nilimtaka.

Alikuwa fundi cherehani mjini Bukoba, mtu wa Muleba aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao. Alinishonea gauni la Pasaka. Wakati wa kupima, mama alisimama karibu yetu kama mlinzi.

"Fundi, kiunoni legeza. Bado anakua."

Fundi akaniuliza mimi, "Unapenda mikono mirefu au mifupi?"

Sikumbuki mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza napenda nini. Nikasema, "Mirefu," kwa sauti, hata mama akageuka.

Siku watu wake walipokuja kuposa, mama aliniambia, "Leo nyasi zisiguswe. Kaanike kahawa."

Alipokwenda kuteka maji, nilichukua mundu, nikapita migombani hadi kwenye mbuga iliyo nyuma ya shamba. Nikakata mzigo mzima. Nikazoa za zamani, nikatandika mpya. Nyumba ikanukia kama asubuhi ya Krismasi. Hata leo harufu ile ikinipitia, nasimama.

Mama aliporudi, wageni walikuwa wameshaketi. Akatazama chini, kisha akanitazama mimi. Mbele ya watu hakuweza kuzizoa. Akaenda kuketi nyuma ya ukuta wa matete unaogawa nyumba, upande wa wanawake, nilipokuwa na shangazi.

Msemaji wao akaanza, "Tumekuja kuomba mche wa mgomba, tukaupande Muleba."

Baba hajajibu, mama akapaza sauti, "Muleba kuna mawe!"

"Wifi," shangazi akasema, "tangu lini matete yanaongea?"

"Mawe tutayang'oa, mama," msemaji akajibu.

"Mkishayang'oa ndipo mje."

Wanaume wakacheka, baba naye akacheka. Kisha akamwomba shangazi aniulize mimi mwenyewe. Shangazi akaniinamia.

"Nyasi nimezikata mimi," nikasema, na upande wa pili wa matete walisikia.

Baba akaagiza wageni waletewe kahawa ya kutafuna, na posa ikawa imepokelewa.

Jioni, mama na mimi tulimenya ndizi. Mwishowe akasema, "Kutoka Muleba huwezi kuja kila Jumapili."

"Siwezi, mama."

Alisogeza maganda pembeni kwa mguu.

"Basi geuka huku nione unavyomenya. Wasije wakasema sikukufundisha."

Nikajua amekubali. Nikageuka, nikamenya polepole sana, ili ndizi zisiishe upesi.