Mama Maarufu wa Mursik

Enzi zetu, kabla jina la mtu halijaanza kusafiri kwa simu, umaarufu ulitembea kwa miguu, na sisi watoto wa pande za Chepsaita ndio tulioubeba. Jumamosi asubuhi, umande ukitulowesha magoti, tulitumwa kwa Mama Njeri, jirani aliyehamia kutoka Mkoa wa Kati. Mama yangu ndiye aliyemfundisha kusugua kibuyu kwa mkaa na kugandisha maziwa yawe mursik, lakini mwanafunzi alimpita mwalimu. Mursik yake ilisifiwa hadi Turbo. Desturi ilikuwa moja: anayeitaka huja na kibuyu chake. Njiani tulionja, tukafika nyumbani na masharubu meupe huku tukikana.

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alimwita Mama Njeri maarufu. Alitueleza kwamba neno hilo lilitoka kwa Waarabu, kwamba maana yake ni anayejulikana, na kwamba kwao huitwa hivyo pia jambo jema ambalo kila mtu anakubali ni jema. Tuliamini. Nani angeogopa kujulikana?

Kisha ikaja ile Januari baada ya uchaguzi, majirani waliotoka Kati wakaanza kusakwa. Moshi ulitanda upande wa barabara kuu. Mama Njeri, wakati huo ajuza kama mama yangu, alikuwa amejificha nyuma ya magunia ya mahindi nyumbani kwetu. Vijana wakasimama langoni, wakamwamkia mama kwa heshima zote, wakimwita bibi kwa lugha yetu.

"Gogo, ni wapi kwa yule mama maarufu wa mursik?"

Nilianza kuomba kimoyomoyo. Mama, aliyeketi mlangoni, hakuinuka. Alitazama mikono yao.

"Anayetaka mursik huja na kibuyu," akasema. "Nyinyi mmebeba nini?"

Mmoja akaficha panga mgongoni, kama mtoto aliyekutwa akilamba sukari. Wakatazamana, wakaondoka.

Bwana Mungu alimhifadhi Mama Njeri. Alihamia kwa binti yake, na hakurudi tena.

Siku hizi wajukuu wangu hupiga picha hata chapati kabla ya kuila, wakitamani kujulikana na watu wasiowajua. Nawacheka. Amani ipo, nashukuru kila asubuhi. Lakini zamani mgeni akiuliza njia ya kwa fulani, mtoto aliambiwa amsindikize hadi mlangoni. Sasa namkaribisha, nampa kiti, naulizia safari yake. Na kabla sijasema kama namjua huyo anayemtafuta, natazama mikono yake.