Keria ya Keki

Miaka ile maduka ya Mwanza yalipoanza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu kwa waliosafiri, mimi nilinunua sukari laini ya kupambia keki, na mume wangu akanunua baiskeli ya mtumba. Ndoa yetu ilikuwa bado changa. Tulipanga vyumba viwili Buhongwa, yeye akifundisha shule ya msingi, mimi nikioka keki ndani ya sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya gia, matairi manene yenye meno, na mbele ilikuwa na springi. Ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele haikuwa chuma kimoja kama kwenye baiskeli tulizozizoea. Gurudumu likikutana na shimo, sehemu ya juu ya mguu ilizama ndani ya ile ya chini, kisha ikainuka tena taratibu. Mume wangu alinifundisha gia kwenye uwanja wa shule, na haukupita muda nikawa ninaiendesha zaidi kuliko yeye.

Ilikosa kitu kimoja tu: pa kuweka mzigo. Nami nilikuwa nimekubali kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Mama mmoja wa Kisesa alikuwa anamwoza binti yake, akataka keki nyeupe ya ghorofa mbili kama za mjini. Nilimwambia ndiyo kabla sijajiuliza itafikaje. Keki niliyowahi kuipeleka kwa gari ilishuka imelaliwa na gunia la mpunga.

Tukaenda kwa fundi baiskeli mwenye kibanda kando ya barabara ya Shinyanga. Alikuwa rafiki wa mume wangu tangu utotoni, kwa hiyo mimi aliniita shemeji.

"Tuweke keria nyuma, shemeji," alisema. "Mzigo kwao ni nyuma."

"Nyuma sitaiona. Halafu springi ziko mbele."

Akakubali. Alikunja nondo nyembamba, akazifunga chini kwenye ekseli ya gurudumu na juu kwenye usukani, kama alivyozoea kwa baiskeli nyingine. Niliweka beseni la maji juu ya keria, nikaenda nalo kwenye mtaro wa njia ya maji. Baiskeli iligonga kama mkokoteni, na maji yote yakamwagika. Fundi akauegemea usukani kwa uzito wake wote; haukushuka hata kidogo.

Mume wangu alichuchumaa akachungulia. "Umeishika chini, umeishika juu. Sasa springi itacheza wapi?"

Fundi akacheka, akafungua kila kitu. Mara hii alikaza keria kwenye ile sehemu ya chini peke yake, inayopanda na kushuka pamoja na gurudumu. Nikaenda tena mtaroni. Springi zilicheza vizuri sana. Hata hivyo nilirudi gauni limelowa mpaka magotini, na beseni likiwa tupu.

Tulisimama tukiitazama baiskeli. Kitu kilikuwa kinanisumbua, nikakisema.

"Mikono yangu haikutikisika. Maji yametikisika."

Fundi alitazama mikono yangu kwenye usukani, akatazama beseni. "Mikono yako iko juu ya springi," alisema polepole. "Beseni liko chini yake."

"Basi keki ikae ilipo mikono yangu."

"Keria isiyo na miguu, shemeji? Itaning'inia kama dirisha bovu."

Lakini nilimwona tayari ameanza kuokota mabomba membamba ya kiti kilichovunjika. Aliyabana juu kabisa, kwenye ile sehemu isiyoshuka na gurudumu, akazungushia mpira wa tyubu yasiteleze, kisha akayafunga na usukani. Akamwambia mume wangu aegemee mpaka springi zizame zote, akahakikisha kiganja chake kinapita kati ya tairi na keria.

"Hii ni ya keki," alinionya. "Usije ukaipakia mahindi. Ukizidisha uzito mbele, usukani utakukataa."

Safari hii maji yalitetemeka tu ndani ya beseni, hayakumwagika. Fundi alinawa uso kwa maji yale yale, akaomba na yeye aendeshe.

Asubuhi ya harusi tuliondoka kukiwa bado na ubaridi. Keki kubwa ilikuwa mbele yangu ndani ya katoni, imefungwa kwa mpira. Ile ndogo mume wangu aliifunga kifuani kwa khanga kama mtoto mchanga, akanifuata kwa baiskeli ya jirani. Njia nzima wanawake waliokuwa wakienda mashambani walimwuliza kama mtoto hajambo, naye akawajibu kwa heshima kwamba amelala.

Karibu na Kisesa kundi la ng'ombe lilikatiza barabara ghafla. Nilifunga breki, springi zikazama, na katoni ikateleza hadi ukingoni. Mpira ukaishika. Mzee mchungaji akasogea, akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka, mayu. Umebeba nini?"

"Shikamoo, babu. Keki ya harusi."

"Marahaba. Hebu nione."

Hata mimi nilitaka kuona. Nilifungua katoni. Keki ilikuwa nzima, ila upande mmoja sukari ilikuwa imechubuka. Mzee aliinama akaitazama.

"Nzuri," alisema. "Inalika?"

"Inalika, babu."

Akawazuia ng'ombe waliobaki kwa fimbo yake mpaka tukapita.

Mama wa bibi harusi alitoka nje akitafuta gari. Alipoona baiskeli alishika kiuno, lakini katoni ilipofunguliwa alipiga kigelegele, na ua mzima ukampokea. Nilipandisha ghorofa moja juu ya nyingine, nikaufunika ule mchubuko kwa maua ya sukari. Jioni, keki ilipoliwa, wanawake wawili waliniagiza za kwao, mmoja ametoka Magu.

Wakati huo wazee wenye makoti walikuwa wameizunguka baiskeli, kila mmoja akiikandamiza na kuiachia. Bwana harusi naye akaijaribu. Kisha bibi harusi akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, na mimi naruhusiwa?"

Shangazi zake walikataa kwa pamoja. Yeye akakusanya gauni, akalikunja mkononi, akapanda. Akauzunguka ua mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa mwendo, viatu vyeupe vikizungusha pedali, na mume wake akikimbia nyuma ameishika shela juu isiingie kwenye mnyororo.